Muwasho wa Mirija ya Tiara

Kila akitoka shuleni, Dorah aliosha vyombo, akamlisha mdogo wake Masatu, kisha akamsaidia mama kufumua mahema chakavu. Mama yake alikuwa mshonaji hapo Bunda. Mahema ya mnadani aliyageuza mifuko. Mirija ya faiba iliyokuwa ikiyasimamisha aliitupa nyuma ya nyumba.

Mirija hiyo ndiyo Dorah na rafiki yake Naomi, wote wa darasa la sita, waliyoitaka kwa tiara ya mashindano ya shule. Walianza na minene, wakidhani unene ndio nguvu. Tiara ikagoma kuinuka. Wakachagua myembamba, wakaipinda taratibu mmoja mmoja, uliolia "ka!" waliuweka kando.

"Tutaikata kesho uwanjani," Naomi alisema.

"Kesho, kesho! Wewe mvivu tu," Dorah akamjibu. Wakaachana wamenuniana.

Jioni mvua ilinyesha. Mama alikuwa kwenye kwaya. Dorah akakaa kitandani, akaikata mirija yote kwa msumeno wa chuma, vumbi jeupe akalikung'uta kwa kiganja. Mama alishakataza kazi za ufundi kitandani, kwa hiyo aliporudi Dorah hakumwambia.

Asubuhi mikono iliwasha, shingo ikawasha. Masatu, anayelala naye, alijikuna huku akilia. Mama alilipekua godoro akitafuta kunguni. Hakuona hata mmoja. Akawapaka mafuta, muwasho ukazidi.

"Yesu wangu, hiki kitu gani? Mbona haijawahigi kutokea?"

Dorah mwenyewe hakuelewa. Halafu akakumbuka ugomvi wa jana. "Mama, ni upupu! Naomi ameniwekea."

"Kama ni hivyo, leo mama yake atanitambua," mama alisema.

Shuleni Dorah alimkabili Naomi mbele ya darasa zima. "Umenimwagia upupu, wewe!"

"Mimi?" Naomi alifungua viganja. Vilijaa vipele. "Nami najikuna tangu jana. Kumbe mchawi wangu ni wewe!"

Darasa likaangua kicheko. Dorah akavitazama vile vipele. Sasa nani kamwagia nani?

Mwalimu wao, Gaudensia, aliingia akauliza, "Mlishika nini pamoja?"

Dorah aliinama. Akiitaja mirija, habari za kitanda zitafika nyumbani. Lakini kilio cha Masatu kilikuwa bado masikioni mwake. Akasema yote.

Mwalimu aliagiza kipande kimoja cha mrija kiletwe, akakiinua juani. Ncha ilimetameta. "Mnaona hivi vinywele? Ni kioo. Vinachoma ngozi, na ukivivuta kwa pumzi vinaumiza kifua. Nawa kwa maji baridi na sabuni, usisugue. Mashuka yafuliwe peke yake. Mkikata tena, iwe nje: zungusha selotepu penye mkato, lowanisha, vaa glovu na barakoa."

Dorah alimgeukia Naomi. "Nisamehe, mwenzangu. Nimekusingizia mbele za watu."

"Nimekusamehe. Ila kufua ni wewe. Mimi nitakuchotea maji tu."

Nyumbani Dorah alirudia maneno yale yale bila kuficha kitu. Mama alikuwa ameshajifunga kanga ya kutokea, aende kumkabili mama yake Naomi. Aliifungua, akamwogesha Masatu, na haikupita saa mtoto akawa anacheza.

"Ungesema mapema, asingelia kutwa nzima," mama alisema. "Umenificha ukweli, nami nikawa natafuta ugomvi kwa mama wa watu, kumbe dawa ilikuwa maji na sabuni. Jambo likikutatiza, mwanangu, jiulize kwanza mikono yako imefanya nini, ndipo umnyooshee mwenzio kidole."