Ile Salama

"Jamani, hapa kuna mtu anayeweza kumtoa mtu kwenye filamu?"

Swali hilo lilipita jengo zima la vifaa vya umeme, na kila kibanda kikacheka kwa zamu yake. Muuza spika alipunguza muziki ili acheke vizuri. "Kwani mume kakukimbia, dada?" akauliza fundi wa simu. "Mtoe moyoni kwanza, kwenye filamu atatoka mwenyewe!"

Dada wa watu alikuwa amesimama katikati ya msongamano, gauni la kijani limemkaa sawasawa, sindano mbili zimechomekwa kwenye ukosi, DVD kaikumbatia kifuani. Alikuwa mshonaji wa mapazia, na siku nyingine angewajibu wote mmoja mmoja mpaka waombe poo. Siku hiyo ulimi ulimwia mzito. Aliyemtaka atolewe ni kaka yake, na kaka alikuwa kaburini.

"Waache hao, kazi hawana," ikasema sauti nyuma yake. Alikuwa kijana mrefu, hedifoni shingoni, shati jeupe lililopigwa pasi mbele tu. "Kumtoa mtu ndiyo kazi yangu. Kumrudisha ndiyo siwezi."

Chumba chake cha kazi kilikuwa ghorofa ya juu: kompyuta mbili, rafu ya diski ukuta mzima, na dirisha kubwa lililoachia jua likachoma kila kitu.

"Fundi gani anakaa na dirisha uchi?" akauliza mshonaji.

"Fundi anayesubiri fundi."

Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Ndipo akaeleza. Filamu ilikuwa ya harusi ya dada yake mkubwa, ambaye sasa anaishi mbali. Mama yao alikuwa akiipenda kuliko chakula, ila akili ya mama ilikuwa imeanza kuvuja. Alisahau kwamba kijana wake alikufa kwa ajali. Kila akimwona kwenye filamu huuliza, "Mbona huyu haji kunisalimu?" Ukimwambia ukweli, analia kama ndiyo kwanza kafa. Kesho amesahau, anauliza tena, analia upya.

"Mama yangu anafiwa kila siku, kaka yangu. Siwezi tena. Nataka filamu isiyo na kaka, ya mama. Lakini na mimi nataka yangu, aliyomo. Zote kwenye diski moja, mama asije akakuta diski nyingine akaiweka."

Fundi wa video alikuna kidevu. "Inawezekana. Siweki filamu mara mbili, haitaenea. Nakata vipande, naviweka mara moja, halafu nachora njia mbili. Njia moja inapita kila kipande. Nyingine ikifika alipo kaka yako, inaruka."

"Kumbe kama kitambaa. Mapazia mawili, kipande cha katikati kimoja."

"Eeh! Wewe nikikuajiri nitafilisika, utanipokonya kazi."

Ikawa hivyo. Yeye anamwita fundi, naye anamwita fundi, na kila anayeitwa anaitika "naam, fundi," mpaka majirani wa vibanda wakachoka. Simu ikawa haipoi.

"Umekula, fundi?"

"Nimekula nyuzi. Na wewe?"

"Mimi nakutazama hapa ukicheza kwenye harusi ya dada yako. Nani alikufundisha kukata kiuno hivyo?"

"Haya, kata na hicho kipande!"

"Hicho? Thubutu. Hicho nimekirudia mpaka kompyuta inapata joto."

Fundi wa video alikwenda nyumbani kwao kuiona deki, akamsalimu mama, na mama akampenda papo hapo, akambandika jina Bwana Picha. Deki ilikuwa kuukuu, na rimoti ndiyo usiseme: vitufe vyote vilikufa, kikabaki cha kuwashia filamu. Mishale ya kuchagulia haikufanya kazi.

"Basi menyu hapa haina maana," akasema fundi. "Nitafanya hivi: ukiweka diski, njia ya kwanza inajicheza yenyewe. Ya pili utakuja kuiangalia kwangu, kwenye kompyuta."

"Ujanja wako huo, ili nije kwako."

"Ukija nitafanyaje? Nitakupokea. Na hii kazi ikiisha, nakuja na wazee wangu kumwona mama. Usiseme hukuambiwa."

Usiku huo mshonaji alikata kitambaa cha rangi ya machungwa, cha pazia la dirisha la mtu fulani, kwa kukadiria tu.

Siku ya kukamilisha, fundi alipiga simu. Mashine ya kushonea ilikuwa inanguruma, na mteja amesimama mlangoni anamdai foronya zake.

"Fundi, nafunga diski sasa. Ipi itangulie?"

"Nini?"

"Ipi niweke ya kwanza?"

"Ile salama!" akapaza sauti. "Weka ile salama!"

"Ile salama. Sawa, mpenzi."

Lo! Neno dogo kama punje ya mtama.

Alasiri ile mshonaji aliletewa diski, akamwekea mama. Harusi ikaanza: bibi harusi kwenye kioo, shangazi anarusha vigelegele, watoto wanagombania maua. Mama akapiga makofi. Vipande hivyo vilikuwa vya njia zote mbili, hakuna ambacho kingemshtua mtu. Mshonaji akabusu paji la uso la mama yake, akatoka kupeleka mapazia mtaa wa pili.

Nyuma yake filamu ikafika mahali ambapo gari jeupe limesimama mbele ya nyumba, na kijana mwenye suti anatoa kichwa dirishani. "Mama, toka basi! Sote tuko nje, tunakusubiri wewe!"

Mama alisubiriwa, naye akatoka. Alivaa viatu vyake vya sherehe, akachukua mkoba, akafungua mlango. Majirani walimwona akivuka barabara haraka haraka, anatabasamu, mkono umeinuliwa kulipungia gari jeupe lililoegeshwa ng'ambo. Dereva wa lori la mchanga alifunga breki, lakini alikuwa amechelewa.

Binti aliporudi, televisheni ilikuwa bado inacheza muziki, na kaka yake alikuwa humo, mzima, anakata keki.

Alimpigia fundi simu. "Nilikwambia ile salama! Nilikwambia kwa mdomo wangu! Umemuua mama!"

Upande wa pili kikasikika kitu kikianguka sakafuni.

"Fundi..."

"Usiniite fundi!"

"Nimekosa," sauti ikasema, imepungua. "Kosa ni langu. Nisamehe."

Hakumsamehe. Kwenye mazishi alimwona kasimama nyuma ya watu wote, shati limekunjamana mbele na nyuma. Alipita karibu yake kama anayepita nguzo. Simu zake hakupokea, na baadaye zikakoma. Kile kitambaa cha rangi ya machungwa alikitupa chini ya kabati.

Mvua zilikuja zikaisha. Ndipo dada mkubwa akapiga simu kutoka huko aliko. "Mdogo wangu, mimi sina hata picha moja ya mama akicheka. Nitafutie filamu ya harusi yangu. Yote."

Diski ya nyumbani alikuwa ameivunja kwa kisigino. Ya asili ilibaki kwa yule mtu. Alilizungusha jambo hilo kichwani, mwisho akajikaza, akapanda zile ngazi.

Alimkuta amekonda, ndevu zimemjaa. Hakusimama wala hakutabasamu.

"Nimefuata diski yetu ya asili. Nipe nikuondokee."

"Ipo rafu ya pili. Jichukulie."

Akaenda kwenye rafu, akaanza kutafuta. Diski za harusi za watu, za mahafali ya watu. Na kila ya asili, ile isiyoguswa, isiyokatwa hata kipande, ilikuwa na neno moja limeandikwa kwa kalamu nyekundu. SALAMA. SALAMA. SALAMA. Ya kwao nayo: SALAMA.

Wahenga walisema kila mwamba ngozi huvutia kwake. Yeye alisema salama, akimaanisha isiyomdhuru mama. Mwenzake akasikia salama, ile kamili, ambayo haijaguswa na mkasi. Na yeye ndiye aliyelisema neno lenyewe, mashine inanguruma, bila kuinua kichwa.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua uliponipigia. Palepale."

"Na ukanyamaza! Nimekupuuza mbele za watu, nimekuita muuaji, umenyamaza! Kwa nini?"

"Ningekwambia ungelala vipi? Ulikuwa na mama wa kuzika. Nikaona heri unichukie mimi kuliko ujichukie mwenyewe."

"Umeninyima haki yangu ya kujua."

"Nimekunyima mzigo. Na kosa bado ni langu. Nilidhani umeghairi, unataka mama amwone mwanawe. Ningeuliza mara ya pili, ningesema, salama ipi?"

Alilia pale pale, amekaa sakafuni kati ya harusi za watu. Alimlilia mama, akalilia neno lake. Fundi hakumgusa. Aliogopa.

Alipotulia, alifuta uso kwa kiganja. "Dada anataka nakala. Fanya njia moja. Usiruke mtu."

Fundi akaweka diski. Wakatazama pamoja, mpaka gari jeupe, mpaka kaka akatoa kichwa na kuita. Na mlangoni akatokea mama, mzima, anarekebisha kilemba, anacheka. "Nakuja, mwanangu, haraka ya nini?"

Nakala ilipokamilika, mshonaji akaitia mkobani, akaelekea mlangoni. Jua la dirishani lilimpiga machoni.

"Fun..." Mwanaume akajikatiza, akainamisha kichwa.

Mwanamke alisimama, amempa mgongo.

"Naam, fundi," akaitika.

Kisha akageuka, akatoa utepe wa kupimia kutoka mfukoni, akaenda dirishani machozi yakiwa bado yanamtoka.

"Njoo ushike huku," akasema. "Lile pazia la kwanza nililipima kwa macho."

Naye akaja, akashika.