Mbegu Zilizokosa Msasa

Kila jioni baada ya shule, Chapchap alimsaidia shangazi yake kwenye kitalu cha miche nyuma ya nyumba. Jina hilo alibandikwa nyumbani. Alifagia chapchap, akaosha vyombo chapchap, kisha mtu mwingine akairudia kazi yote.

Jumamosi moja shangazi alimpa kikombe cha mbegu za viazi vitamu na kipande cha msasa.

"Marando ya viazi vya shambani yana ugonjwa," alisema. "Tukiyakata na kuyapanda tena, tunapanda ugonjwa uleule. Mbegu hizi zitatupa miche safi. Nimezikusanya msimu mzima, kutoka kwenye maua yaliyokauka, na sina nyingine. Ila ganda lake ni gumu, maji hayapiti. Sugua kila moja kidogo mpaka uone weupe, ndipo uziloweke. Umenisikia? Kila moja!"

"Nimesikia, shangazi."

Alisikia kwa sikio moja. Mbegu zilikuwa ndogo, vidole vilimuuma, na wenzake walikuwa wakimwita wakaruke kamba. Alisugua chache tu, akazitumbukiza zote majini.

"Tayari?" shangazi aliuliza.

"Zote, shangazi!"

Mbegu zikapandwa kwenye trei. Siku zikapita, ikachomoza miche ya kuhesabika, mmoja huku, mwingine kule, kama meno ya kikongwe. Shangazi akaulaumu udongo, akaongeza mbolea. Akawalaumu kuku, akawafungia bandani. Akayalaumu maji na jua. Bado haukuota mche mwingine.

"Nimechoka!" alifoka siku moja, akaibeba trei. "Hizi mbegu zimekufa. Nazimwaga jalalani, na viazi mwaka huu tusahau!"

Chapchap aliona aibu hadi masikio yakamwaka. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Lakini jalala lilikuwa hatua chache tu mbele.

"Shangazi, usimwage! Sikuzisugua zote. Nilikudanganya."

Shangazi akaitua trei.

"Yaani kuku wangu wamekaa kifungoni bure?"

"Nisamehe, shangazi."

Shangazi alifukua mbegu moja, akaibana kwa kucha. Ilikuwa ngumu kama kokoto.

"Una bahati. Maji hayakuingia, kwa hiyo haikuoza. Kawafungulie kuku, halafu lete msasa."

Walizifukua mbegu moja moja. Kila Chapchap alipoharakisha, shangazi alisema, "Nionyeshe weupe." Mtoto alishusha pumzi kwa hasira, akasugua tena. Wenzake walipomwita, aliwajibu, "Bado!"

Wakaziloweka na kuzipanda upya, na safari hii miche ilijaa trei nzima, majani yakiwa yamenyooka, bila doa.

Shangazi aliitazama, kisha akamgeukia Chapchap. "Ungeniambia ukweli siku ile, ningekugombeza kidogo tukaendelea na kazi. Badala yake nimegombana na udongo, jua na kuku. Mwanangu, uvivu wako ulituchelewesha tu. Uongo wako ndio uliotaka kutupeleka jalalani."