Sufuria Mbili Kwa Mtaliano

Jumamosi, Machi 24, 1984, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Sajini Shaabani alikuta watu watatu wakigombea choo kimoja cha zahanati ya Karatu. Wa kwanza alikuwa Bwana Zaidi, wakala wa watalii kutoka Arusha. Wa pili alikuwa dereva wake. Wa tatu, Clemensi, mwenyekiti wa walei parokiani, alijikunja kwenye benchi huku ameshika tumbo.

"Mlikula wapi jana?"

"Kwa Mtaliano," Zaidi alijibu, kisha akapita mbio.

Tabibu alikuwa ameshaagiza sufuria zote mbili za chakula cha jioni. Ya mchuzi wa nyanya ilikuwa safi. Ya mchuzi wa nyama ilikuwa na utando juu.

"Mafuta ya nyonyo," alisema. "Tena si kijiko kimoja. Hawatakufa, afande, ila leo hawatoki hapa."

Kwa Mtaliano palikuwa chumba cha meza nne na sehemu ya kuotea moto. Mtaliano mwenyewe hakuwapo tena. Antonia, mjane wa miaka arobaini, alikuwa amewapikia mafundi wa Kiitaliano kambini kwao, na walipoondoka alifungua mgahawa katika nyumba aliyoachiwa na mumewe. Alikanda tambi kwa mkono na kutengeneza jibini mwenyewe. Mpaka wa Kenya ulipofungwa, wageni walikatika. Sasa ulikuwa umefunguliwa, na Zaidi alikuja kuonja. Akiridhika, angeleta watalii kila wiki.

"Nani waliingia jikoni?" Shaabani alimuuliza Antonia.

"Saning'o aliniletea maziwa. Jioni shemeji yangu Clemensi aliniletea kuni, nami nikatoka kumpokea Bwana Zaidi."

"Mchuzi wa nyama uliuonja?"

"Sikuuonja."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa Ijumaa, afande."

Shaabani aliandika: Ijumaa. Mkuu wa kituo aliposoma maelezo yale alicheka. "Mpishi gani haonji mchuzi wake? Mweke ndani. Jumatatu anakwenda Arusha."

"Mzee, atawaharisha wageni waliokuja kumtajirisha?"

"Wewe tafuta sababu. Mimi nina mshitakiwa."

Saa nne Clemensi alifika kituoni akiwa amejifunga blanketi. "Naomba funguo za nyumba, afande. Ni nyumba ya marehemu kaka yangu. Shemeji akienda Arusha, isikae wazi."

"Funguo zinabaki hapa. Na wewe ulikula nini jana?"

"Nilikula kama wenzangu. Si unaniona?"

Kwa kuwa Clemensi naye alikuwa mgonjwa, mshukiwa aliyebaki kwa Shaabani alikuwa Saning'o, Mmasai wa maziwa. Alijua kwamba Wamasai hutia mizizi ya dawa kwenye supu, na wazo hilo likamkaa kichwani. Landrova ya kituo haikuwa na petroli, kwa hiyo alidandia lori la mahindi hadi Lodoare, lango la kuingilia hifadhi ya Ngorongoro, akitetemeka kwa ukungu na kuikumbuka Kilwa kwao. Saning'o alikuwa hapo na punda wake, akirudi kwao juu mlimani.

"Ulitia nini kwenye chakula cha mama Antonia?"

"Mimi? Sisi tunatia dawa kwenye supu mtu apone, afande. Ya kumharisha mgeni ni ya kwenu huko pwani?"

Askari wa lango waliangua kicheko. Mmoja alieleza kwamba jana Saning'o alipita hapo kupanda juu saa sita mchana. Na kwa maelezo ya Antonia, nyama ilinunuliwa saa nane. Shaabani alirudi kwa miguu sehemu kubwa ya njia, viatu vimejaa tope jekundu, akiwa amepoteza siku nzima.

Jioni alimpitia katekista Josephati, ambaye naye alikuwapo kwenye chakula kile. Alimkuta mzima, akipasua kuni.

"Wewe mbona huumwi?"

"Nitaumwaje? Nilikula nyanya."

"Nyama hukuitaka?"

Josephati aliweka shoka chini. "Afande, ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima. Mkatoliki hagusi nyama siku hiyo. Antonia alipika sufuria ya pili kwa ajili yetu sisi. Clemensi ndiye aliyesali sala ya chakula, akatukumbusha mbele ya wageni mpaka tukaona haya."

Shaabani alijichukia. Antonia alikuwa amemjibu tangu asubuhi. Lakini kwa Shaabani, Mwislamu, Ijumaa ilikuwa siku ya msikitini tu.

Jumapili saa tano, baada ya misa, aliwarudisha wote kwenye viti vyao vya Ijumaa. Mkuu wa kituo alisimama mlangoni na uso wa kuchoshwa. Antonia aliletwa kutoka mahabusu, nguo zimekunjamana.

"Kila mtu aseme alikula sufuria gani," alisema Shaabani.

"Nyama," alisema Zaidi. Dereva akasema vivyo hivyo.

"Nyanya," alisema Josephati.

"Nyanya," alisema Germana, mke wa Clemensi.

"Na mwenyekiti?"

Clemensi alimtazama katekista, kisha mkewe. "Nyanya, bila shaka."

"Nyanya haikumdhuru mtu. Jana tumbo lako liliumwa na nini?"

Clemensi aliutazama mlango, alikosimama mkuu wa kituo.

"Labda... nilionja nyama kidogo."

"Lini?" Germana aligeuka. "Nilikaa ubavuni kwako. Ulimkaripia hata dereva wa watu kwa kula nyama, ukadhani ni mwenzetu." Sauti yake ilishuka. "Baba, chupa ya nyonyo ya watoto ilikuwa imejaa Alhamisi. Jana nimeikuta tupu. Nilinyamaza."

"Nyamaza na sasa!"

"Sasa siwezi. Mwenzangu amelala sakafuni mahabusu."

Clemensi alisimama. "Nyumba ni ya kaka yangu! Mgahawa ukifa, angerudi kwao, na nyumba ingebaki kwenye ukoo. Sikutaka mtu afe. Niliweka kwenye nyama kwa sababu watu wetu wasingeila."

"Ukajifanya mgonjwa ili tusikutazame," alisema Shaabani.

Mkuu wa kituo alikohoa. "Basi, hili ni la familia. Mkalimalize nyumbani."

Shaabani alifungua mdomo kupinga, lakini Antonia alimtangulia.

"Mahabusu nililala kwa serikali, mzee, si kwa familia. Liandikwe."

"Nimeanza kuandika," Shaabani alisema, bila kumwangalia mkubwa wake.

Clemensi alipotolewa nje, Germana alibaki kitini akilia polepole. Antonia alimwekea mkono begani, kisha akamgeukia Zaidi. "Samahani, Bwana Zaidi. Najua umeshaamua."

Zaidi, aliyekonda kwa siku mbili tu, alipapasa tumbo lake. "Nimeamua nini, mama? Mimi chakula chako bado sijakionja. Nilionja nyonyo."

"Tambi hazipo. Mpaka nikande, ni saa nzima."

"Kanda," alisema Zaidi, akavuta kiti karibu na moto.