Hodi ya Popo

Shadya wa Msuka ni shoga yake dada yangu, wala si mtu wa kuzua mambo. Watafiti waliokuwa wakifuga popo katika nyumba ya jirani yake walipoondoka, walimwachia ufunguo awafagilie. Popo wote wamekwisha kuuawa, walimwambia, maana dawa ya kuwaongezea akili waliyowachoma ilifanya kazi kupita walivyotaka.

Alikwenda alasiri. Akafungua mlango na kupiga hodi kwa mazoea tu, kwani kwao hata nyumba tupu haiingiwi bila hodi. Ndani giza, madirisha yamepigiliwa mbao. Akasikia mbawa zikijikunjua darini, kisha hodi yake mwenyewe ikamrudia, kwa sauti yake, hata na kikohozi chake kidogo.

Alikimbia, mlango akauacha wazi. Akampigia simu mkuu wa watafiti.

"Daktari, kabaki mmoja, naye anasema!"

"Bi Shadya, utafiti ule tumeshaufunga. Sisi hatuhusiki tena."

Alipopiga mara ya pili, simu ilikuwa imezimwa.

Magharibi ilimkuta uani kwake akitawadha. Mamamkwe wake, asiyeona, alikuwa peke yake ndani. Mbawa zilipita juu ya bati, kisha mlango wa mbele ukapigwa hodi kwa sauti ya Shadya, na kikohozi kidogo. Aliitupa kata ya maji, akakimbilia ndani.

"Karibu mwanangu, pita," bibi akaitikia.

"Nishapita, mama," ikajibu ile sauti, kutoka darini.