Kambi Mlangoni pa Wodi ya Wazazi

Fundi cherehani alikuwa akishona nguo za mtoto mchanga. Mke wa mwanawe, mwenye mimba pevu, alikuwa akichambua mchele. Mara seremala, mume wa fundi, akaingia uso ukimng'aa. Alikuwa mjumbe wa kamati ya kusimamisha vita na nchi jirani.

"Mizinga imerudishwa nyuma," alisema. "Mpaka umepimwa upya. Mambo yamenyooka."

"Na wanajeshi walio kwenye uwanja wa zahanati?" mkewe aliuliza.

"Hao ni wetu. Wanatulinda."

Mkwe wao aliinua kichwa. "Baba, mimi pale sipiti. Wanatupekua huku wakicheka. Nitazalia hapa hapa."

Jambo hilo halikuwahi kutajwa kikaoni.

Kesho yake mume na mke walimwendea jirani yao, mwanasheria. Naye aliwamiminia chai.

"Sheria ya mataifa inakataza nchi kuivamia nyingine," alieleza. "Nchi inaruhusiwa kupigana ikijitetea inaposhambuliwa, au Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likitoa idhini. Lakini kwa miaka mingi waliokaa kuipanga sheria hiyo walikuwa wanaume. Waliuliza nani kavuka mpaka. Hawakuuliza nani anaogopa kwenda kujifungua."

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," fundi alisema.

"Ndiyo hivyo, dada. Sheria za vita zinalinda zahanati. Na Baraza hilo hilo limetaka wanawake washiriki mazungumzo ya amani. Hamwendi kikaoni kuomba hisani."

Seremala alimgeukia mkewe. "Basi twende wote, na mkunga wa zahanati tumchukue."

Kikaoni, kamanda wa wanajeshi wale alitabasamu. "Mama, hapa tunazungumzia vita."

"Nami nazungumzia vita, mwanangu. Vimepiga kambi mlangoni pa wodi ya wazazi."

Mkunga akaeleza jinsi wanawake walivyoacha kuja, na jinsi wawili walivyoponea chupuchupu wakijifungulia majumbani. Kamanda alijikuna shingo.

"Hili hakuna aliyetuambia."

"Hakuna aliyetuuliza," fundi alijibu.

Juma lile kambi ilihamishiwa nje ya mji. Mkwe alitembea hadi zahanati kwa miguu yake mwenyewe, akajifungua salama mtoto wa kike.

Kamati ilipoitwa tena, seremala alibaki nyumbani akimbembeleza mjukuu. Jirani alipopita kumuulizia fundi, seremala alijibu kwa fahari, "Hayupo. Yuko kwenye mambo ya vita."