Twiga wa Pangoni

Safari iliharibika pale Sifael alipofungua dumu la maji. Mpwa wake Dorkas, anayesomea mambo ya kale chuoni, alikuwa ameinama akitafuta rula ya kipimo mkobani kabla ya kupiga picha. Juu yake, ukutani mwa pango, michoro myekundu ya wanyama ilionekana kwa shida chini ya vumbi. Huenda ilikuwa na maelfu ya miaka. Huenda.

Sifael amechimba jasi Makanya miaka ishirini, na mchimbaji akitaka kulijua jiwe hulimwagia maji, akalifuta. Akamwaga. Twiga wakang'aa ukutani, shingo na miguu yote. Kisha akapitisha kitambaa.

"Mjomba, acha!"

Kitambaa kilirudi chekundu. Sifael alishtuka, akarudi nyuma, akaporomoka kwenye korongo lililokuwa mbele ya pango. Mguu ulivunjika chini ya goti.

Dorkas aliteremka kwa makalio, akaufunga kwa vijiti na kanga. Simu haikushika mtandao. Kule chini malori yalipita barabarani, na hakuna dereva aliyewaona.

"Maji yamebaki?" Sifael aliuliza.

"Mafunda matatu."

"Kunywa wewe. Ndiwe mwenye miguu."

"Tunakunywa wote, mjomba."

Maji yakimwagika hayazoleki, na siku ile yalimwagika ya kunywa. Dorkas alimburuta akimshika makwapani, hatua kumi kumi, kwa hasira, bila kumtazama usoni. Jua la Makanya halina huruma. Jioni midomo yao ilikuwa imepasuka. Asubuhi iliyofuata Sifael aliacha kuitika, na hapo hasira yote ikamtoka Dorkas. Alimpiga mashavu akilia, akimsihi asife kwa sababu ya twiga.

Kassimu, msimamizi wa machimbo, alikuwa ametoka na wenzake kumtafuta Sifael. Walifuata kilio hicho.

Wiki mbili baadaye Dorkas alifika wodini na karatasi. Walimu wake walikuwa wamepanda pangoni wakakuta doa jekundu tu, lisilothibitisha chochote.

"Kila mtu achore alichokiona, mjomba. Bila kuchungulia."

Sifael alichora polepole: twiga wawili, mtoto katikati. Dorkas alichora wanne. Mtoto hakuwepo.

"Peleka yako chuoni," Sifael alisema. "Wewe umesoma."

"Sina hakika, mjomba. Nitapeleka zote, niseme hatujui."

Sifael aligeukia ukuta akalia kwa sauti. Dorkas alikaa ukingoni mwa kitanda, akalia naye.