Jino la Limi Lilivyojitilia Matimba

Hivi wewe, umewahi kuumwa ukaficha, na bado ukaomba ugonjwa uzidi? Limi wa Nyarugusu, mwanafunzi wa darasa la tano, alifanya hivyo. Kila asubuhi kabla ya shule alichovya michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye chai mpaka ilainike, akaisukuma taratibu kwenye magego, isije ikagusa jino lake la mbele lililotoboka.

"Mbona unakula kama kikongwe?" alimtania mjomba wake Bujiku, aliyekuwa akimlea.

"Ya moto, Mjomba."

Uongo mtupu. Mjomba Bujiku alikuwa mchimbaji, na mbele kinywani alikuwa na jino la dhahabu lililometa kila alipocheka. "La zamani nililing'oa kwa kupenda, nikataka hili!" alizoea kutamba. Limi alilitamani mno. Alijiambia moyoni: langu likioza kabisa litang'olewa, nami nitawekewa kama lile.

Siku moja alikunywa maji ya mtungi darasani, akapiga yowe hadi chaki ikamponyoka mwalimu. Mjomba aliitwa, akampakia kwenye baiskeli hadi zahanati, kwa tabibu wa meno aliyeitwa Mama Generosa.

"Shikamoo, mama. Ling'oe tu," alisema Limi, mkono mdomoni.

"Marahaba. Niling'oe? Hebu kwanza nilione." Akalichungulia kwa kioo chake kidogo. "Aa, uozo haujafika kwenye kiini. Jino hili linaweza kujitibu."

"Lenyewe?" Mjomba alishangaa.

"Lenyewe, tukilisaidia. Chini ya ganda jeupe kuna sehemu ya manjano iitwayo dentini. Jino lilipokuwa likijengwa, mwili ulihifadhi humo vichocheo vya ukuaji. Vimelala tu. Uozo ukiichokoza dentini, au nikiipaka dawa hii ya chokaa, vinaamka na kuziita chembe hai za kwenye kiini, mafundi wa jino: njooni mjenge! Nazo zinajenga ukuta mpya kwa ndani."

"Kumbe jino linajitilia matimba!" alisema Mjomba, maana kazi yake machimboni ilikuwa kupanga yale magogo yanayozuia shimo lisiporomoke.

"Hasa! Tena bila mtu kushuka na kamba."

Limi alisahau maumivu. Kitu kidogo kama punje ya hindi, ndani yake mafundi wanaitana gizani! Alijiona tajiri.

"Na ukiling'oa?"

"Nitawatupa mafundi wote."

Limi alifungua kinywa mpaka mashavu yakavutika. Mama Generosa aliukwangua uozo polepole, akapaka dawa, akaziba tundu vizuri.

Miezi ikapita. Waliporudi zahanati, Mama Generosa alimpa maji baridi. Limi alisukutua, akatabasamu. Hakusikia kitu.

"Mafundi wako ni hodari," alisema Mama Generosa. "Ila ungenyamaza zaidi, uozo ungewaua humo humo. Mwili unajua kujitibu, mwanangu, lakini wahitaji kusaidiwa mapema. Ukiumwa, sema."

Limi akainama. "Mjomba, mimi nilitaka lioze. Nilitaka la dhahabu kama lako."

Mjomba Bujiku hakucheka. Alilifunika jino lake la dhahabu kwa kiganja, akasema kwa sauti ya chini:

"Mimi nilitaka langu lipone, mayu wangu. Niliogopa tu kusema linauma, wenzangu wasinicheke."